Tugawaneje kazi ya kutunza programu huria za mashine za zamani?

Swali: Sisi ni watu sita tunaotunza mfumo mdogo wa Linux kwa ajili ya kompyuta za biti 32 na ruta chache za zamani. Kwa miaka mingi kazi yote ilikuwa ya mtu mmoja. Sasa amechoka, ameomba kupumzika na ametuachia mradi. Hatulipwi, kila mmoja ana ajira na familia, na tunaishi nchi tofauti. Wawili tu ndio wanaoijua vizuri lugha ya programu ya C. Tulijaribu kugawana folda za msimbo, kila mtu na zake, lakini miezi inapita bila toleo jipya na lawama zimeanza. Tugawaneje kazi hii ili isimwangukie tena mtu mmoja? Na je, mashine zipi tuziache?

Jibu: Ndugu zangu, nianze na pale ninapoona mmekwama. Mmegawana folda kana kwamba msimbo ndio kazi yenyewe. Katika mradi kama wenu, sehemu kubwa ya msimbo si yenu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaandikwa na maelfu ya watu wengine, kompaila ya GCC inayogeuza msimbo kuwa programu ina wenyewe, na maktaba zote mnazipokea zikiwa zimeshatengenezwa. Kazi yenu hasa ni kuhakikisha kwamba vitu hivyo, vilivyoandikwa na watu ambao hawajawahi kuigusa mashine ya mwaka 2003, bado vinawaka na kufanya kazi kwenye mashine hiyo. Kwa hiyo kilicho haba kwenu ni mashine nzima zinazowaka, pamoja na watu wenye subira ya kuziwasha. Mjuzi wa C mnaweza kumwazima kwa wiki moja kutoka mradi mwingine. Mtu mwenye ruta ya aina fulani, kebo yake ya siriali (ya kusomea maandishi yake inapowaka) na meza ya kuiacha ikiwa imefunguliwa ni vigumu zaidi kumpata.

Mwezi Julai 2019 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiorodhesha draiva ya disketi (programu inayoendesha kifaa hicho) katika Linux kuwa yatima. Aliyekuwa akiitunza hakupungukiwa ujuzi. Hakuwa tena na kifaa cha disketi kinachofanya kazi cha kuijaribia. Baadaye alijitokeza mtu mwingine aliyekuwa tayari kuichukua, na draiva ikapata tena mwenyewe. Mtaona jambo hilohilo likijirudia karibu kila mahali ambapo kitu cha zamani kimeondolewa: kwanza anakosekana mtu wa kujaribu, kisha hitilafu zinarundikana bila mtu kujua, mwishowe anatokea mtunzaji wa sehemu nyingine anayeuliza kwa haki kabisa, "Kuna mtu bado anatumia hiki?" na hakuna anayejibu. Mwaka 2018, Linux 4.17 iliondoa familia nane za prosesa kwa mkupuo mmoja. Itanium, familia nyingine ya prosesa, ikafuata katika toleo la 6.7, Januari 2024.

Kwa hiyo gawaneni mashine. Fungueni jedwali moja, kila mashine mstari wake: nani anayo, ina RAM kiasi gani, inawashwa kwa njia gani, nani wa pili anayeweza kuijaribu, na tarehe ya mwisho ilipowaka ikiwa na toleo gani. Safu ya tarehe ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu haibishani na mtu. Mashine ambayo haijawashwa tangu matoleo mawili yaliyopita hamuitunzi, hata kama jina lake lipo kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi.

Kwa hali ya kila mashine, iigeni Linux. Ina faili liitwalo MAINTAINERS, ambamo kila sehemu ya kerneli inaonyesha jina la mtunzaji, jina la mpitiaji kama yupo, na mstari wa hali. Hali zenyewe ni chache: inatunzwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo; inatunzwa; ina mtu lakini muda wake unatosha kwa marekebisho ya hapa na pale tu; ni yatima; imepitwa na wakati. Ninaipenda sana ile ya katikati. Inamruhusu mtu mwenye kazi nyingi kusema kweli bila kujiuzulu. Katika kundi la watu sita, naamini nusu ya mashine zenu ziko katika hali hiyo, na mkiiandika hadharani lawama zitapungua, kwa sababu watumiaji watajua watarajie nini.

Sasa, wale wanne wasioijua C wafanye nini? Hapa ndipo miradi mingi inapopoteza watu, maana wanaachwa wakisubiri "kazi rahisi" ambazo haziji. Nitaonyesha kazi moja kwa ukaribu.

Tuseme ruta fulani ilikuwa inawaka vizuri na kerneli ya toleo lililopita, na sasa inakwama sekunde chache baada ya kuwashwa. Mjuzi wa C hana ruta hiyo, na mwenye ruta hajui C. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina amri ya kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu: unaiambia toleo lipi lilikuwa zima na lipi ni bovu, nayo inakupa badiliko lililo katikati ulijaribu. Ukijibu "zima" au "bovu", nusu ya mabadiliko inaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Toleo moja la kerneli huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini kwa njia hii hatua 14 zinatosha hata kama yangekuwa 16,000. Kwa mtu mmoja hatua hizo ni mateso: kukompaili, kuhamisha, kuwasha, kusubiri, kurudia. Kwa watu wawili ni kazi ya wiki moja isiyomchosha yeyote. Mjenzi anakompaili kwenye mashine yake yenye kasi wakati anafanya mambo mengine, kisha anaweka faili liitwalo hatua-07 mahali mnapobadilishana mafaili. Jioni mwenye ruta analipakia kupitia mtandao, anaangalia maandishi ya siriali yanayopita kwa kasi ya 115200, halafu anaandika mstari mmoja: "07: bovu, imekwama baada ya kuitambua flashi," na kubandika mistari kumi ya mwisho. Hapo wajibu wake wa siku umekwisha.

Yapo mambo mawili ambayo mwenye ruta lazima afundishwe. La kwanza, jibu la tatu lipo: "siwezi kusema". Ikiwa hatua ya 07 imeshindwa kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano faili ni kubwa kuliko flashi (kumbukumbu ya kudumu ya ruta), asiseme "bovu". Git ina amri ya kuiruka hatua hiyo, na jibu la uongo kwenye hatua moja linaupeleka utafutaji wote mahali pasipo na kosa. La pili, kabla ya kuanza awashe mara mbili toleo linalodaiwa kuwa zima, ahakikishe kweli ni zima. Mashine kuukuu zina matatizo yake zenyewe: kapasita zilizovimba, moduli ya RAM iliyolegea, adapta ya umeme iliyodhoofika. Kompyuta yenye betri ndogo ya CR2032 iliyokufa inaamka ikidhani ni mwaka wa zamani, tovuti zote salama zinakataliwa kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika, na mnaletewa taarifa kwamba "mtandao haufanyi kazi kwenye toleo jipya". Mtu anayeijua mashine yake anaokoa siku nzima za mjuzi wa C kwa kuangalia saa tu.

Mkishafika kwenye badiliko lenye kosa, mjuzi wa C anakuwa na kitu cha kusoma chenye mistari labda arobaini badala ya kerneli nzima. Saa zake mbili za Jumamosi zinatosha. Hivyo ndivyo watu wawili wanaoijua C wanavyoweza kuwatosha ninyi sita.

Kwa kuwa mnaishi mbalimbali, ningetumia nguvu zenu za mwanzo kuifanya angalau mashine moja ya kila aina iweze kufikiwa kutoka mbali. Si jambo la gharama kubwa. Kompyuta ndogo yoyote inayowaka muda wote inakuwa mlezi: imeunganishwa na mashine ya zamani kwa kebo ya siriali, inaipa faili la kuwashia kupitia mtandao wa ndani, na inaendesha swichi ya umeme ili mtu aliye mbali aweze kuzima na kuwasha pale inapoganda. Mashine iliyokuwa ya mmoja inakuwa ya wote sita. Mwenye nyumba anabaki na kazi ya kuichomoa siku ikinuka moshi. Angalizo la kiufundi ambalo limeua ruta nyingi: pini za siriali ndani ya ruta kwa kawaida ni za volti 3.3, ilhali mlango wa siriali wa kompyuta za zamani unatumia volti kubwa zaidi, chanya na hasi. Usiviunganishe moja kwa moja. Tumia kebo ya USB iliyotengenezwa kwa volti 3.3, na uache pini ya umeme bila kuiunganisha. Kwa kompyuta, diski za IDE (za kiunganishi cha zamani) zinazokaribia kufa zibadilisheni kwa kadi za CompactFlash na adapta yake, kwani kadi hizo zinaelewana na IDE bila ujanja wowote, na zinaweza kutolewa na kunakiliwa kwa dakika chache.

Ujenzi wa mfumo usifanyike kwenye mashine zenyewe. NetBSD, mradi uliopo tangu 1993 na unaojulikana kwa kuwaka kwenye karibu kila kitu, una hati moja ya amri inayojenga mfumo mzima kwa ajili ya prosesa nyingine ukiwa kwenye kompyuta yako ya kawaida. Debian, mfumo mkubwa wa Linux, ilichagua njia nyingine, kujenga kila kifurushi kwenye mashine ya aina ileile, na ni moja ya sababu zilizoifanya familia ya m68k (prosesa za Motorola 68000) ishindwe kwenda na kasi hadi ikakosa nafasi katika toleo rasmi la 2007. Haikufa. Wapenzi wake waliipeleka kwenye ghala la pembeni la Debian, na inajengwa hadi leo kwa msaada wa QEMU, kiigizi, yaani programu inayojifanya mashine nyingine.

Kiigizi hicho, alichokianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, kitakuwa mfanyakazi wenu wa usiku. Kila badiliko likiingia, seva ikompaili, iwashe ndani ya QEMU, isubiri mstari wa kuingilia, na itume ujumbe ukikosekana. Kitawakamatia makosa mengi ya kizembe kabla hayajamfikia mtu. Lakini kisije kikaingia kwenye ile safu ya tarehe. QEMU haiigi kache ya prosesa wala kasi halisi ya vifaa, na makosa ya mashine za zamani yanapenda kukaa hukohuko. Tarehe inaandikwa mashine halisi ikiwaka tu.

Nije kwenye viraka mnavyobeba. Kila badiliko mlilolifanya kwenye kerneli na mkalihifadhi kwenu tu ni deni linalolipwa upya katika kila toleo, na anayelilipa ni yule anayeijua C, ambaye tayari ndiye haba. Ningeweka sharti: kiraka chochote kilichokaa kwenu kwa matoleo mawili ama kipelekwe kwa mradi mama (ule mlikouchukua msimbo) au kiandikiwe sababu ya kutopelekwa. Kukipeleka kunachosha mwanzoni, kwa sababu mtaulizwa maswali na kuambiwa mkiandike upya. Kikishapokelewa, hata hivyo, watu wengine watakuwa wakikirekebisha kila wanapobadilisha sehemu zinazokizunguka, bila ninyi kujua. Huko ndiko kugawana kazi kwa maana pana, na mnakupata bure. Na hapa pia wasioijua C wana nafasi: kerneli inarekodi, ndani ya badiliko lenyewe, jina la aliyeripoti kosa, la aliyelipitia na la aliyelijaribu. Jina la mwenye ruta linabaki kwenye historia ya Linux sawa na la mwandishi.

Mmoja wenu awe na kazi ya kusoma tu. Namaanisha kweli. Nusu saa kwa wiki, asome matangazo ya miradi mama na kuwaletea aya moja. Hatari kubwa kwa mashine za zamani hutokea mbali na mradi wenu na hutangazwa mapema. Wakuu wa GCC walitangaza kwamba familia za prosesa zinazotegemea mfumo fulani mkongwe wa ndani ya kompaila zitaondolewa zisipoandikwa upya. Waliokuwa wanasoma ni wapenzi wa m68k: wakachanga fedha, mtaalamu akalipwa, na kazi ikakamilika mwaka 2019, baadaye VAX, familia nyingine kongwe, nayo ikapata mtu wake. Kinyume chake, Februari 2021 maktaba ya Python iitwayo cryptography ilipoanza kudai lugha ya programu ya Rust katika toleo la 3.4, watu wengi wa mashine ambazo Rust haikuwa nazo walijua siku ujenzi ulipogoma. Kwa mashine zenu za biti 32 kuna tarehe ambayo haina mjadala: tarehe 19 Januari 2038, saa 9:14:07 za usiku wa kuamkia siku hiyo kwa saa za kimataifa (03:14:07 UTC), hesabu ya sekunde katika biti 32 inajaa. Debian ilizihamisha familia zake za ARM za biti 32 kwenye saa ya biti 64 katika toleo la 13, lakini i386, ile ya kompyuta za kawaida za biti 32, ikaachwa na ya zamani ili programu kongwe zisiharibike. Msomaji wenu aseme mapema mfumo wenu uko upande upi.

Toleo ndilo mlilolalamikia, na dawa yake ni kulitenga na uandishi wa msimbo. Chagueni mtoa toleo kwa zamu ya miezi mitatu, na asiwe mmoja wa wale wawili. Kazi yake ni kutangaza siku ya kufunga, kukusanya taarifa kutoka kwa wenye mashine, kuandika maelezo ya toleo, na kukataa. Hilo la kukataa ndilo gumu. Kipengele kizuri kilichofika siku mbili baada ya kufunga kinasubiri toleo lijalo, hata kama mwandishi wake ni rafiki yenu wote. Toleo dogo linalotoka siku iliyotangazwa, likiwa limekosa vitu vitatu, linawapa watu imani kuliko lile kamili lisilotoka. Maamuzi mengine yote yaandikwe na yasubiri. Miradi ya Apache, shirika la programu huria, huziacha kura wazi kwa angalau saa 72 ili mtu wa upande wa pili wa dunia aamke, afanye kazi yake ya mchana, na bado apate nafasi ya kupinga. Wekeni muda huohuo. Asiyesema kitu ndani yake amekubali.

Funguo za kutia sahihi ziwe kwa watu wawili tangu wiki hii, pamoja na nywila za seva na za jina la tovuti. Lakini msimkabidhi mtu kwa sababu tu mmechoka. Mwaka 2024 dunia iliona jambo hili kwa uchungu katika xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Ilikuwa na mtunzaji mmoja wa kujitolea aliyekuwa amelemewa. Mtu aliyejitambulisha kwa jina la kubuni alimsaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akapewa mamlaka, kisha akaingiza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund aliugundua mwezi Machi kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kwa ssh (njia ya kuingia kutoka mbali) kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Kipande kilichouamsha mlango huo wakati wa kukompaili hakikuwamo kwenye ghala la git. Kilikuwa kwenye faili lililofungwa kwa ajili ya toleo, ambalo mtu mmoja alilitengeneza na hakuna aliyelilinganisha.

Ninyi mnaweza kulinganisha, na inawahitaji watu wawili tu. Mtoa toleo anajenga faili la kusakinishia kwake, mwenzake anajenga lilelile kutoka git kwake, kila mmoja anapiga hesabu ya SHA-256 (alama ya kipekee ya faili) na kuiweka hadharani. Zikilingana, mnatia sahihi. Mara ya kwanza hazitalingana, kwa sababu tarehe na njia za folda zinaingia ndani ya mafaili. Mkikazania tarehe moja kwa kutumia kigezo cha SOURCE_DATE_EPOCH, ambacho zana nyingi za ujenzi zinakiheshimu, na kujenga ndani ya folda yenye jina lilelile, tofauti zitaanza kutoweka moja baada ya nyingine. Ni kazi nzuri sana kwa mtu makini asiyeijua C.

Mashine zipi mziache? Kwa kompyuta za biti 32, mstari wenu wa kwanza uwe SSE2, kundi la maagizo lililokuja na Pentium 4 mwaka 2000. Pentium III na Athlon XP hazina SSE2. Programu iliyokompailiwa kwa kuitegemea inakufa kwenye mashine hizo papo hapo, kwa ujumbe kwamba agizo halijulikani, na hakuna mpangilio wa kuirekebisha ila kuikompaili upya. Vifurushi vya i386 vya Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, vinadai SSE2, na zaidi ya hapo toleo hilo halina tena kerneli wala kisakinishi cha i386. Vifurushi vimebaki kwa ajili ya kuendesha programu za zamani ndani ya mashine za biti 64. Mozilla nayo imeacha kutoa Firefox ya Linux ya biti 32 kuanzia toleo la 145. Ikiwa mfumo wenu unategemea Debian, basi hata Pentium 4 sasa mnaibeba wenyewe, na mashine isiyo na SSE2 inamaanisha kukompaili upya kila kifurushi. Watu sita hawaliwezi hilo pamoja na kazi nyingine. Ningeziacha zisizo na SSE2 bila kusitasita, isipokuwa ajitokeze mtu mwenye mashine, mwenzake wa pili, na utayari wa kuwa na tawi lao wenyewe (nakala ya mradi inayoendelezwa kando).

Kwa ruta, angalieni flashi na RAM. OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta uliozaliwa 2004 kutoka msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G, ilifikia mahali ambapo vifaa vyenye flashi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32 havikuweza tena kubeba kerneli mpya na bado vikabaki na nafasi ya kitu kingine. Toleo la 19.07 lilikuwa la mwisho kujengwa rasmi kwa ajili yao. Walijaribu kubana kwa miaka kabla ya kufika hapo, na kila kilobaiti iliyookolewa ilikuwa saa za mtu. Ninyi msianze upya safari hiyo. Na mwambieni mwenye ruta kama hiyo kwa lugha ya wazi kwamba isikae tena kati ya nyumba yake na intaneti, maana haitapata marekebisho ya usalama; inaweza bado kutumika ndani, kama swichi au kituo cha kujifunzia.

Namna ya kuacha nayo ina adabu zake. Mesa, mradi wa draiva za michoro, ulipoziondoa draiva zake kongwe mwishoni mwa 2021 uliziweka kwenye tawi lililoitwa Amber, ambapo yeyote mwenye kadi za zamani anaendelea kuzipata bila kuwazuia wengine kusonga mbele. TenFourFox, kivinjari kilichowawezesha wenye Mac za PowerPC kutumia msimbo wa Firefox muda mrefu baada ya Mozilla kuziacha, kilifikia mwisho 2021 kwa tangazo la mapema, na msimbo ukaachwa wazi kwa atakayetaka kujikompailia. Ninyi fanyeni hivi: mashine isiyowaka kwa matoleo mawili, au iliyobaki na mtu mmoja tu, inatangazwa kuwa yatima. Ikipita toleo moja zaidi bila mwenyewe, inatoka. Faili lake la mwisho la kusakinishia, alama yake ya SHA-256 na maelezo ya kuliweka vinabaki mahali pa kudumu, pamoja na orodha ya viraka vyake.

Kuhusu yule aliyewaachia mradi: msimfanye mshauri wa kudumu. Muombeni kikao kimoja au viwili aeleze anachokijua ambacho hakijaandikwa popote, hasa mashine ipi ina tabia gani na kwa nini kiraka fulani kipo. Mmoja aulize, mwingine aandike. Baada ya hapo mwacheni apumzike kweli, na jina lake litoke kwenye orodha ya wanaotumiwa taarifa za hitilafu.

Wiki hii, kabla ya kugusa msimbo wowote, kila mmoja awashe mashine alizonazo kwa toleo mlilonalo sasa na aandike tarehe kwenye jedwali. Zile ambazo hakuna aliyeziwasha mtakuwa mmeshazijua. Wiki ijayo chagueni mtoa toleo wa kwanza na siku ya kufunga isiyozidi wiki sita mbele, mkitoa kilichopo kwa ajili ya zile zilizowaka.